Moyo Wangu Katika Simu ya Mkwe

Mkwe wangu hajawahi kunishika mkono. Tangu amwoe binti yangu, salamu zetu ni za mbali: yeye uani, mimi jikoni, na mlango katikati. Akija nyumbani kwangu Nambale hukaa sebuleni na wanaume, chakula hupelekwa na watu wengine, nami hupitia mlango wa nyuma nikiwa nimejitanda leso hadi kwenye nyusi. Tukikutana njiani bila kutarajia, mmoja wetu huiacha njia na kujifanya anatafuta kitu kwenye majani. Yeye ni Mteso wa Moding, mimi ni Mluhya wa Bukhayo, na makabila yetu hubishana kwa mengi, lakini si kwa hili. Wageni wakituona hudhani tumegombana. Hatujawahi. Mimi namheshimu, yeye ananiheshimu, na hivyo ndivyo heshima ya mkwe na mama mkwe inavyokaa kwetu.

Sasa mwazie mtu huyo akitembea mjini Malaba na mapigo ya moyo wangu ndani ya mfuko wa suruali yake.

Ninauza vitenge katika soko la Busia, karibu na mpaka, mahali ambapo mtu akipiga chafya Kenya anaambiwa pole na mtu wa Uganda. Kazi hii inanifaa kwa sababu mimi si mtu wa kutulia. Asubuhi niko upande wa pili nikichagua majora, mara niko kibandani nikikunja na kukunjua, mara nimemfuata mteja hadi stendi kumwambia kwamba rangi aliyoikataa ndiyo rangi yake. Marehemu mume wangu alikuwa akisema kwamba hata nikiomba dua, miguu inatembea chini ya meza. Nilipoanza kupata kizunguzungu, sikukiheshimu. Nilishika nguzo ya kibanda, nikangoja kipite, nikaendelea. Lakini kilirudi, na safari hii kilikuja na moyo. Ulikuwa ukipiga vizuri, kisha unaruka, kisha unakimbia bila mpango, kama kuku aliyefungwa miguu ndani ya kikapu.

Nilikwenda hospitali. Wakanibandika waya kifuani, mashine ikachora mistari, na mistari ikatoka sawasawa kabisa. Nikaenda tena siku nyingine, ikawa vilevile. Moyo wangu ukimwona daktari unajifanya mtoto wa Sunday school. Daktari, mwanamke mpole mwenye haraka ya watu wenye foleni nje, aliniambia wazi: "Mama, mimi nashuku huu moyo unaruka. Ukiruka sana, damu inaganda ndani, inaweza kwenda kichwani. Lakini dawa ya kuzuia hiyo ina ukali wake, siwezi kukupa kwa kushuku. Lazima huo moyo tuupate ukiruka."

Damu kwenda kichwani naijua. Mama yangu aliondoka hivyo. Aliinuka asubuhi kuwasha moto, na kufikia saa ya chai upande wake mmoja ulikuwa umelala na maneno yake yamekuwa mateke ya ulimi tu. Alikaa hivyo muda mrefu kabla ya kufa, akituangalia, akijua kila kitu, asiweze kusema hata jambo moja. Kifo sikiogopi kama ninavyoogopa hali hiyo. Mimi bila mdomo na bila miguu nitakuwa nimebaki na nini?

Ndipo binti yangu, ambaye ni mwalimu huko Moding, akaniletea saa. Ilikuwa nyeusi, ya mkanda wa mpira, kioo chake kinawaka ukiinua mkono. Alisema mume wake aliiagiza kupitia kwa watu wake wa kazi. Mkwe wangu ni ajenti wa kupitisha mizigo mpakani Malaba, na watu wa namna hiyo hawakosi mtu wa kuwaletea kitu. Binti akanifunga mkononi, akabonyezabonyeza simu yangu, akaniambia nisizime data na nisisahau kuichaji. Saa ingekuwa inausikiliza moyo wangu mchana na usiku, ukiruka itajua, na wao watajua hata kabla sijajua mimi. Nilimshukuru. Sikuuliza "wao" ni akina nani.

Sokoni, saa ile ilikaa siku nzima mikononi mwa watu kabla ya kutulia mkononi mwangu. Kila mtu alikuwa na lake la kusema. Jirani yangu wa duka la makava ya simu, Mwislamu ambaye babu zake walikuja hapa na biashara wakasahau kurudi, alikunja mkono wa kanzu akanionyesha yake. Yeye huitumia kuhesabu hatua za kwenda msikitini. "Mama, hata kama inanidanganya, inanidanganya kwa adabu," alisema. "Jioni inaniambia nimefanya vizuri. Nani mwingine kwangu ananiambia hivyo?"

Mwendesha boda mmoja aliyekuwa akingoja abiria alicheka. Yake alikuwa ameivua, iko nyumbani kwenye droo ya vijiko. "Hiyo kitu ni muongo, mathe. Mimi nilibeba mtu kutoka Namboboto, nimekaa kwa pikipiki, sijakanyaga chini. Kufika hapa inaniambia hongera, umetembea. Barabara ndiyo ilikuwa inanitikisa. Sasa nikaona, hii imepongeza mashimo." Lakini alikiri kwamba wasichana waliipenda, na kwa sababu hiyo alikuwa akifikiria kuirudisha mkononi Jumapili.

Rafiki yangu wa karibu pale ni mama wa matoke kutoka upande wa Uganda. Yeye aliigeuza saa chini juu, akaona ile taa ya kijani inayowaka dhidi ya ngozi, akaiachilia kama aliyeshika kaa la moto. "Nnyabo, hii taa inakunywa damu. Itakuwa inaonja kwanza." Nilimwambia ni mwanga tu. Akasema kama ni mwanga tu unaojua moyo, basi tuupime. Alichukua saa akaifunga kwenye shina la mkungu wa matoke, akaikaza, tukainama sote na kungoja. Saa ikafikiri kidogo, ikaandika namba. Mkungu ulikuwa na mapigo, tena mazuri, yaliyotulia kuliko yangu. Watu walicheka mpaka wateja wakaja kuona kuna nini. "Banange, matoke yangu yako hai," alisema, na siku hiyo akauza mkungu ule kwa mbwembwe zote, akiwaambia wanunuzi kwamba umetoka kupimwa na daktari.

Nami nilicheka sana, lakini nilibaki na neno moyoni. Kama inaupa mkungu uhai, mimi itanipa nini? Niliporudi kwa daktari nilimsimulia. Alicheka pia, kisha akasema kwamba saa hizi si hospitali na hazikuumbwa kwa ndizi. "Wewe ivae tu. Ikisema kitu, uje haraka, mimi ndiye nitahakikisha." Nikasema sawa. Tangu hapo nikawa na imani ya namna yangu: saa yenyewe sikuiamini, lakini niliamini kwamba huko mwisho wa safari kuna macho ya binadamu yanayoitazama, na binadamu hawezi kudanganywa na matoke.

Siku moja binti alinipigia jioni.

"Mama, leo asubuhi ulikuwa na nini? Moyo ulipanda sana."

"Nilikuwa nagombana na askari wa kaunti. Alitaka nisogeze kibanda."

"Alaa. Basi ndiyo maana. Na jana ulilala vibaya."

"Na wewe, ukiwa darasani unapata wapi nafasi ya kuangalia haya yote?"

Alisita. Mimi ndiye niliyemzaa, kusita kwake nakujua.

"Si yangu, mama. Simu yangu ni ya zamani, ilikataa hiyo programu. Iko kwa simu ya baba watoto."

Nilikuwa nimesimama katikati ya chumba na sufuria mkononi, nikaiweka chini, nikaichukua tena.

"Kwa hivyo moyo wangu uko kwa mkwe."

"Ni namba tu, mama."

"Nikilala anajua?"

"Inaonyesha tu saa za kulala, si..."

"Nikigeuka kitandani anajua?"

"Mama."

"Nikienda kuoga?"

Mtu ambaye siwezi kupokea kikombe kutoka mkononi mwake alikuwa akijua nililala saa ngapi na niliamka mara ngapi kwenda haja. Nilisikia aibu ikinipanda mwilini kama homa. Nilimwambia binti kwamba naivua saa hiyo hapo hapo na mtu yeyote anayekwenda Malaba atairudisha.

Ndipo akalia. Binti yangu si mtu wa kulia ovyo, amenirithi mimi. "Umesahau vile nyanya alikaa?" akauliza. "Mimi ndiye nilikuwa namlisha na kijiko, mama. Mimi. Nilikuwa mdogo na nilikuwa namlisha. Sitaki kukulisha wewe." Saa ikabaki mkononi.

Lakini sikuwa tena mtu yule. Nilianza kuishi kama mtu aliyekaribisha mgeni asiyeondoka. Kuoga, naivua. Kulala, naivua na kuifunika kwa kitambaa, kana kwamba ina macho. Kanisani niliivua wakati wa nyimbo, kwa sababu sisi tukiimba tunaruka, na sikutaka mtu akae Malaba akihesabu jinsi mama mkwe wake anavyorukaruka mbele za Mungu. Hata kugombana kulinishinda. Askari akija, nilihisi hasira inaanza, nikawaza mkwe anaiona ikipanda, nikapunguza sauti. Mama wa matoke aliniuliza kama nimeokoka upya. Jirani wa makava alisema saa imenifanya mwanamke mpole na akashauri kila mtu sokoni anunuliwe moja. Nilitaka kumrushia jora.

Niliwauliza wanawake wenzangu wa kanisani, tulipokuwa tukiosha vyombo baada ya harusi moja huko Nambale. Mmoja alisema hakuna ubaya: mila ilikataza mkono, ilikataza kukaa pamoja, ilikataza kula pamoja, lakini hakuna mahali ilipotaja mapigo ya moyo. Mwingine akasema haikutaja kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kufikiria upumbavu wa aina hiyo. Wakabishana juu ya karai la vyombo mpaka maji yakapoa. Wa tatu alisema siku hizi watu wanaimaliza heshima hiyo kwa mbuzi na chakula, wanashikana mikono mbele ya wazee, basi. Niliwaza mbuzi. Kisha nikawaza mkono wa yule kijana mrefu ukinyooshwa kwangu, na mimi kuupokea, na nikaona kwamba sitaweza hata wakichinja ng'ombe. Nilivyofunzwa na mama yangu viko ndani sana, mbuzi hawezi kuvifikia.

Kwa hiyo hali ikawa hivyo. Saa ilisikiliza nusu ya maisha yangu, na nusu nyingine nikaifungia mlango. Daktari akitazama rekodi kwenye simu yangu alilalamika kwamba usiku wote ni mtupu. Nilimwambia chaji inaisha.

Siku yenyewe nilikuwa Malaba. Kuna mama anayeniletea vitenge kupitia mpaka wa huko, mizigo yake haikuwa imefika Busia na mimi sina subira ya kungoja. Malaba ni mahali pa kungoja. Malori yamejipanga tangu mbali, madereva wamelala chini ya trela zao, kila mtu anangoja karatasi ya mtu mwingine. Mimi nilikuwa napita katikati yao nikitembea haraka, na tangu niteremke garini nilikuwa nimemsikia kuku yule akipapatika kifuani.

Saa ikatetemeka. Nikaitazama. Kulikuwa na maandishi madogo ya Kiingereza, miwani yangu ilikuwa ndani ya kikapu chini ya kila kitu, na saa ile hutetemeka siku nzima: simama, tembea, kunywa maji, hongera. Nilishusha mkono. Kisha nikaitoa simu kwenye kifua cha gauni, nikaitazama. Hakuna aliyepiga.

Hapo nilifikiri kwa akili zangu zote timamu, na ninakumbuka maneno yenyewe: mkwe ameona. Yeye hakosi kuona, simu haiondoki mkononi mwake, kazi yake ni simu. Kama ni jambo baya, atamwambia mke wake, na mke wake atanipigia. Kama hawajanipigia, si jambo baya.

Saa ikatetemeka tena. Nikatoa simu tena. Kimya. Nikanunua maji, nikanywa, maana huenda ndicho ilichokuwa ikitaka. Nilimkuta mama wa vitenge, tukachagua, tukabishana kuhusu jora moja lililokuwa na doa, na wakati wote mkono wangu ulikuwa ukienda kifuani kuitafuta simu. Ilinichoma kidogo, kusema kweli. Kwa siku nyingi nilikuwa nimeudhika kwamba mkwe ananiangalia, na sasa nilikuwa naudhika kwamba haniangalii vya kutosha. Nikajiuliza kama wamenichoka.

Ofisi ya mkwe iko kando ya barabara kuu, chumba kimoja chenye mlango wa bluu, naijua kwa sababu huwa naikwepa. Nilipofika karibu nikajivuta leso usoni, nikavuka upande wa pili, nikapita nyuma ya malori ili asinione. Mzigo ulikuwa kichwani. Moyo haukuwa unapiga tena, ulikuwa unatetemeka tu, kama saa. Nilitaka kufika stendi. Nakumbuka tairi kubwa la lori, jeusi, na nikifikiri kwamba nitaliegemea kidogo. Baada ya hapo sikumbuki.

Niliamka kwenye wodi ya wanawake, sindano ya maji katika mkono wa kulia, na saa bado iko kushoto. Vidole vya mkono ule wa kushoto vilikuwa kama vya mtu mwingine. Niliviambia visogee, vikachelewa. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kusema. Nilisema jina langu, nikasema majina ya watoto wangu, nikamtukana askari wa kaunti ambaye hakuwepo. Maneno yalitoka yote, mazito kidogo upande mmoja, lakini yalitoka. Binti yangu alikuwa ameketi kando ya kitanda, akaanza kucheka na kulia pamoja.

Daktari alikuja na simu yangu mkononi. Moyo ulikuwa umenaswa hatimaye. Ulikuwa umeruka na kukimbia tangu asubuhi, na saa ilikuwa imeonya, ikaonya tena. Bonge dogo la damu lilikwenda kichwani na, kwa bahati, likayeyuka kabla ya kuharibu mengi. Vidole pengine vitarudi, pengine havitarudi vyote. Dawa ile kali sasa nitapewa, hakuna tena kushuku. "Lakini onyo lilikuja mapema, mama," alisema. "Ungekuja wakati huo, haya ya vidole hayangekuwepo. Ulikuwa unangoja nini?"

"Kupigiwa simu," nikasema.

Alipotoka nilimgeukia binti yangu. Nilimuuliza mume wake alikuwa wapi asubuhi hiyo.

Aliangalia mikono yake. Kisha akaniambia. Mume wake hajawahi kuufungua moyo wangu hata siku moja. Aliiweka ile programu kwenye simu yake kwa sababu ilikataa kwingine, akaipa mlio wake wa peke yake, na kila jioni akirudi nyumbani alimpa mke wake simu na kugeuza kiti kuelekea ukutani mpaka amalize kusoma. Alimwambia tangu mwanzo: siwezi kuangalia ndani ya mama. Asubuhi ile, akiwa kwenye meza yake, simu ililia mlio ule. Aliujua. Akailaza kifudifudi juu ya meza. Ilipolia tena akaifunika kwa karatasi za mizigo, akachukua simu yake ndogo ya kazi akamwandikia mke wake ujumbe: ile kitu ya mama imelia, ukitoka darasani uje uangalie. Na mke wake alikuwa akifundisha, simu yake iko ndani ya mkoba, katika chumba cha walimu.

"Alifikiri wewe mwenyewe umeiona, mama. Alisema iko kwa mkono wako."

Nilicheka, na kicheko kikanitoka vibaya. Nilikuwa nimejificha siku zote hizo kutoka kwa mtu aliyekuwa ameangalia ukutani. Na asubuhi ile, mimi nikiwa nyuma ya malori nikingoja auone moyo wangu, yeye alikuwa ng'ambo ya barabara akinifunika kwa karatasi.

Binti aliendelea. Watu walipokimbia kumwambia kwamba mama mkwe wake ameanguka, alitoka mbio mpaka pale kwenye tairi, akasimama hatua chache kutoka kwangu, asisogee. Alitafuta gari. Aliwaita wanawake wa matunda waje wanibebe, akawaelekeza washike wapi, akasema kichwa, kichwa, mshikilieni kichwa. Gari lilipoondoka alipanda boda akatufuata nyuma.

Nilitaka kumkasirikia. Nilijaribu kweli, mimi hasira hainipigi chenga. Lakini kila nilipoishika niliona kwamba kama angeangalia, kama angenipigia siku yoyote na kusema mama, naona hukulala, nisingemsamehe mpaka kaburini. Alikuwa amefanya kile kile ambacho ningetaka afanye. Amekifanya vizuri kabisa, na vidole vyangu haviinuki.

"Yuko wapi sasa?" nikauliza.

"Nje. Tangu tuje. Amekataa kuingia."

Nilimwambia aniinue. Dirisha la wodi linatazama mahali pa kuegesha magari, na huko nikamwona, amechuchumaa kando ya ukuta kwenye kivuli chembamba, ofisi ameiacha, shati limetoka nje ya suruali. Sikuwahi kumtazama muda mrefu namna ile. Ana mvi tayari, na mimi sikuwa na habari.

Nikamwomba binti simu yake, nikamwambia anipigie mumewe. Alinitazama kama niliyechanganyikiwa. Nikasema piga.

Huko nje niliona akitoa simu, akaona jina la mke wake, akapokea.

"Baba," nikasema. "Ni mimi."

Akasimama. Alisimama kama mtu aliyeitwa na hakimu, akavua kofia, akaangalia huku na huku. Nami nilikuwa nimeivuta leso mpaka machoni ingawa kati yetu kulikuwa na kioo, ukuta na ua mzima.

"Sikulaumu," nikasema. "Unanisikia?"

"Nasikia, mama." Sauti yake ni nyembamba kuliko nilivyodhani.

"Ifungue hiyo kitu. Angalia."

"Mama, mimi..."

"Mimi ndiye nimesema. Angalia moyo wangu, uniambie uko namna gani."

Kisha akaishusha simu kutoka sikioni, akaishika mbali na uso, akaigusa kwa kidole kimoja. Niliona akiinamisha kichwa, na mkono wake mwingine ukipanguza macho. Aliporudisha simu sikioni alisema polepole, kwa Kiswahili chake cha Moding: "Unaenda, mama. Bado unarukaruka, lakini unaenda."

"Basi endelea kuangalia," nikamwambia, na nikaligeuzia dirisha mgongo ili aangalie vizuri, bila macho yangu juu yake.